Bakuli la Jirani na Boksi la Kampuni

Juzi binti yangu Salma alinishikisha simu yake akaniambia, "Baba, huyu anazungumzia gemu kama ulivyokuwa ukiandika wewe." Nikavaa miwani. Nikamwona kijana mzuri wa sura, kakaa mbele ya taa tatu, anafungua boksi. Alilifungua kwa muda mrefu kuliko mama zetu walivyokuwa wakifungua mzigo uliotoka Makka. Akatoa fulana, akainusa. Akatoa kikombe, akakizungusha. Akatoa sanamu ya mtu mwenye mapembe, akaikumbatia kama mwanawe wa kumzaa. Mwisho kabisa akatoa mchezo wenyewe, akauweka pembeni bila ya kuutia kwenye mashine, akasema huu ndio mchezo bora wa mwaka.

Nikamuuliza Salma, "Kaucheza lini?"

"Atacheza baadaye, Baba. Hii ni ya kufungua boksi tu."

"Sasa ubora wake kaujuaje?"

Salma akacheka, akachukua simu yake. Mimi sikucheka. Nilikaa barazani hapa Bububu mpaka chai ikapoa, kwa sababu yule kijana nilimjua. Sikumjua jina, lakini mikono yake niliijua. Niliwahi kuwa nayo.

Basi nyinyi mnaotaka kazi hii, nisikilizeni kidogo. Elimu ya kukupeni sina, niliishia kidato cha pili. Nilikuwa fundi wa redio na televisheni Malindi ya hapa Unguja, kwenye njia inayoshuka bandarini. Mashine za gemu zilipoingia nikawa natengeneza hizo, kisha nikafungua chumba chenye televisheni nne, watu wakawa wanakuja kucheza: wapakuzi wa mizigo wanaosubiri boti, makarani waliochoka na mafaili yao, hata maharusi wanaokimbia shughuli za harusi yao wenyewe.

Siku moja mvua ya masika ilimtia ndani mhariri wa gazeti moja la hapa mjini. Akakaa kwenye benchi anakamua soksi, akaona watu wanagombania televisheni mbili na mbili nyengine zimekaa bure.

"Fundi, zile zimeharibika?"

"Hazijaharibika. Michezo iliyomo ndiyo mibovu."

"Mibovu vipi?"

Nikamweleza. Mmoja, mlinda mlango anadaka mpira kabla haujapigwa. Mwengine, gari ikigonga ukuta inabaki palepale ukutani kama mjusi. Akatoa kalamu. Mvua ilipokatika akaniambia, "Haya uliyonambia, yaandike hivyohivyo. Usitie neno la kitabuni hata moja."

Nikawa naandika kila Ijumaa, miaka mingi. Kuandika niliweza. Kucheza ndiko kulikonishinda, kwani vidole vilivyozoea chuma cha kulehemu ni vizito. Mchezaji alikuwa mke wangu, Bi Zuwena, Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za mkono, zile za viua, vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja baada ya kimoja, na mtu wa kazi ile vidole vyake havipotei njia. Akiweka kofia chini anachukua pedi ya kuchezea, mimi nakaa ubavuni na daftari. Hakuwa msemaji. Alikuwa na maneno mawili matatu. "Hapa pananichosha." "Hapa pazuri, niache kidogo." Na mchezo ukimfanyia hila asiyostahili, "Hapa pameniibia." Mimi naandika hivyohivyo: pameniibia. Watu wakinikuta njiani wanansifu: Fundi, unajua kucheza! Nami naitikia ahsante. Jina lililokuwa juu ya ukurasa lilikuwa langu peke yangu. Hilo nalo liwekeni kwenye hesabu ya aibu zangu.

Kabla sijaendelea, nikupeni jambo la kazi, msije mkasema mzee katusuta tu. Mchezo ukija, uchezeni kwanza bila ya sauti. Muziki mzuri unaficha mengi, kama pilipili kwenye samaki wa juzi. Kisha mpeni mtu ambaye hajawahi kushika pedi, nanyi mfunge midomo. Akiuliza "sasa nifanye nini?" mara ya tatu, kosa si lake. Kisha, na hili ndilo kubwa, chomoeni waya ukutani mchezo ukiwa unaendelea. Aliyeutengeneza huko alikokaa hajui umeme wetu unavyokwenda na kurudi kama mgeni asiye na adabu. Mchezo uliokamilika, umeme ukirudi, unakukumbuka ulipokuwa. Mchezo mbovu unakwambia anza. Zuwena alikuwa akifika mahali pagumu ananambia, "Haya, chomoa." Nachomoa. Tunasubiri. Tunarudisha. Uso wake ndio uliokuwa gazeti langu.

Sasa tuje kwenye zawadi.

Za mwanzo zilikuwa za kuchekesha. Kampuni moja ilituletea koti la manyoya kwa kuwa mchezo wao ulikuwa wa nchi ya theluji. Koti la manyoya, Unguja, mwezi wa Februari! Mhariri alilivaa chini ya feni akapigwa picha, akatoka jasho mpaka miwani ikateleza puani. Nyengine ikaleta upanga wa plastiki mrefu kuliko mimi. Huo ulinifikisha bandarini mbele ya afisa wa forodha, mtu mzima aliyekuwa akila embe kwa kisu kidogo.

"Hiki ni nini?"

"Upanga, bwana. Wa plastiki."

"Wa kufanyia nini?"

"Wa gemu. Wenye gemu wamenletea."

"Wewe umewafanyia nini?"

"Bado sijawafanyia kitu."

Akatia kipande cha embe mdomoni, akautazama upanga, akanitazama mimi. "Basi utawafanyia," akasema. Akagonga muhuri.

Nilirudi dukani nikihadithia kama kichekesho. Nilihadithia miaka. Yule mtu alisoma kazi yangu yote kwa kipande kimoja cha embe, na mimi mwenyewe mwenye kazi nikawa nacheka.

Baadaye wakaanza kutualika. Kulikuwa na kijana mmoja, afisa uhusiano wa kampuni iliyokuwa ikileta gemu kutoka nje, ofisi yao Dar es Salaam. Nitamwita Edga. Mpole, shati limepigwa pasi hata kwapani. Aliwavusha waandishi wa Bara kwa boti ya asubuhi, akatujumuisha na sisi wa hapa, akatupeleka Uroa kwenye hoteli ya ufukweni siku mbili, kuzindua mchezo mpya. Jina la mchezo silitaji. Ulikuwa mchezo wa kujenga kisiwa: unapewa mchanga mtupu, unapanda, unachimba, unajenga, mpaka pakawa mahali pa kuishi watu.

Mchezo tulionyeshwa dakika ishirini, akiucheza mtu wao. Kugusa hatukuruhusiwa. Kamba wa mezani tuliruhusiwa kuwagusa siku mbili. Wiki iliyofuata nikasoma walivyoandika wenzangu. Mmoja alisema mchezo una "ladha ya kipekee". Nikajua huyu bado anatafuna.

Na mimi nilikula, msidhani nilisimama mlangoni. Nilikula, nikalala kwenye shuka nyeupe, na kwenye kifungua kinywa nikamweleza Edga habari za nyumbani kwangu, kwamba mke wangu ndiye mwenye vidole. Akanambia, "Mzee wangu, hatukuombi uandike chochote. Ni ushirikiano tu. Andika utakachokiona."

"Na nikiona kibaya?"

Akacheka vizuri, kicheko cha mtu aliyelelewa. "Mzee, kwani kibaya si mpaka ukitafute?"

Boksi likaja Ramadhani. Ndani mlikuwa na mchezo, vipokea sauti vya masikioni, fulana mbili, kikombe, paketi ya tende nzuri, na kadi. Juu ya kadi wameandika jina langu na la Zuwena. Jina la mke wangu, ambalo mimi sikuwahi kuliandika gazetini hata mara moja, kampuni ilikuwa imeliandika kwa wino wa dhahabu.

Zuwena akafurahi, kwa nini asifurahi. Siku kumi na moja, kila baada ya kufuturu, akajenga kisiwa, wala safari hii hakunambia nichomoe. Akajenga nyumba yenye baraza. Akachimba kisima. Akapanda miti mistari miwili, akasema hii ni mikarafuu, ingawa kwenye mchezo ilikuwa miti tu. Kando ya pwani akajenga kibanda kimoja kidogo.

"Hicho cha nani?" nikamuuliza.

"Chako, ukinuna."

Siku ya kumi na moja umeme ukakatika. Uliporudi akawasha, na kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna kisiwa kilichohifadhiwa. Akazima, akawasha tena. Maneno yaleyale. Hakulalamika. Akasema, "Pameniibia pote," akavuta kofia yake akaanza kushona.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa na nguo ya heshima, ndiyo maana sikulitambua. Mnajua desturi yetu. Mwezi wa Ramadhani bakuli zinapishana mlangoni. Jirani akikuletea futari, bakuli lake halirudi tupu. Ukikosa kitu kabisa unatia hata sukari. Kurudisha bakuli jeupe ni kumtukana mtu. Mimi nimelelewa hivyo, na boksi la Edga nililiona kwa jicho hilohilo. Watu wametuletea, mpaka jina la mama wa nyumba wamelitaja, sisi turudishe nini? Cha kurudisha sina, ila ukurasa wangu. Ijumaa nikaandika kuwa ni mchezo murua wa kuleta familia pamoja. Nikaitaja Uroa na mapokezi yake. Habari ya umeme sikuandika hata herufi.

Zuwena alisoma gazeti akiwa amesimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Baba Salma, hapa pa umeme hujapaandika."

"Nafasi ilikuwa ndogo."

"Kamba wa Uroa wamepata nafasi."

"Mama Salma, watu wametuletea. Bakuli la watu halirudi tupu, si wewe mwenyewe usemaye?"

Akalikunja gazeti polepole. "Mie bakuli la jirani nikilitia maandazi, unga wangu, na mkono wangu ndo uliokanda. Wewe umewatilia nini? Umewatilia imani ya watu wanaokusoma. Ile si yako. Umeazimwa." Akamalizia, "Na vidole vyangu umewatilia vilevile."

Akazungusha waya wa pedi, akaitia kwenye mtoto wa meza anamoweka nyuzi zake. "Siku utakayopaandika hapo pa umeme, nitaitoa. Kabla ya hapo sichezi."

Mtu aliyemjua Zuwena asingemuuliza mara ya pili.

Haukupita mwezi, akaja dukani mwanamke wa makamo, mikono imepauka kwa maji ya chumvi, mkulima wa mwani kutoka Uroa hukohuko nilikokula kamba. Jina lake Bi Kazija. Alikuwa amebeba kitu kakifunga kwenye kipande cha kanga. Akakifungua. Ulikuwa mchezo wa kisiwa.

"Wewe ndo unoandika gazetini?"

"Ndimi, bibi."

"Mume wangu kakatwa mguu kwa sukari. Hatoki. Shemeji yake kampa mashine yake, na mie nkamnunulia hii kwa kuwa umeisifu. Anajenga, anajenga, umeme ukikatika anarejea mchangani. Mara tano sasa. Jana kaitupa pedi ukutani, yeye mtu asiyepandisha sauti. Hebu nambie, mie ndo sijui kuifungua?"

"Unajua. Hujakosea kitu."

"Basi nani?"

Nilikuwa na bisibisi mkononi. Niliitazama ile bisibisi kama nimeiona siku hiyo. Nikamwambia nitawauliza wenye mchezo. Akanambia, "Haya, uliza," kwa sauti ya mtu aliyekwishajibiwa, akaifunga kanga yake akaondoka.

Nilimpigia Edga. Kweli nilimpigia. Akasema, "Tunalifahamu hilo mzee, watalirekebisha toleo la pili." Walilifahamu! Nikaenda kwa mhariri nikamwambia nataka kusahihisha niliyoyaandika. Mhariri hakuwa mtu mbaya, ila gazeti lake lilikuwa likipumua kwa pua moja.

"Fundi, wameweka tangazo ukurasa mzima mpaka mwisho wa mwaka. Subiri liishe, kisha andika utakavyo."

Nikasubiri.

Nawajua nyinyi, mtasema ningekuwa mimi ningeondoka palepale. Msinichekeshe. Nyinyi mnaandika chini kabisa kwa herufi za sisimizi kwamba boksi mmepewa bure, halafu mnajiona mmeosha mikono. Mnasema zawadi haikufungi mdomo. Kweli haikufungi. Inakufungua, unaanza kusema usiyoulizwa. Mimi sikupewa amri na mtu, wala sikutishwa. Nilivishwa fulana na kulishwa kamba, basi, nikawa mtu wa kusubiri. Kila Ijumaa nikaandika michezo mingine, nikiicheza mwenyewe kwa vidole hivi, na kila Ijumaa Zuwena alisoma ukurasa mpaka mwisho, akaukunja, akauweka. Pedi ilikaa na nyuzi.

Zuwena alifariki asubuhi moja, presha ilimpanda ghafla. Alikuwa na kofia mapajani na sindano iko katikati ya kiua. Tangazo la kampuni lilikuwa bado kuisha.

Siku ya hitma Edga alikuja. Kavuka bahari, siwezi kumnyima hilo. Alikuja na katoni za maji ya chupa na boksi moja kubwa. "Shikamoo mzee wangu. Pole sana, sana." Nikaitikia marahaba. Kisha nikaziona chupa. Kila chupa imebandikwa karatasi yenye picha ya kisiwa, na juu yake maneno ya kutangaza toleo la pili.

Mtu hafukuzwi msibani, wala kitu cha msibani hakirudishwi mlangoni. Nikaziacha zipite. Zilipofika uani nikamsikia shemeji yangu, Bi Asha, dada wa marehemu: "Kha! Maji haya ya hitma au ya mpirani? Wallahi hazipiti mbele ya watu hivi. Njooni mnisaidie." Wanawake wakakaa chini kwenye mkeka, wakabandua karatasi moja moja kwa kucha, wakizirudisha ndani ya boksi, na chupa zikatoka mbele ya wasomaji zikiwa tupu za maneno, maji tu.

Edga akanisogelea. "Mzee, picha moja tu. Ya kuonyesha tupo pamoja kwenye shida."

"Kaa kwanza, tunasoma hitma."

"Mimi Mkristo, mzee."

"Kukaa hakuna dini."

Akakaa. Alikaa vizuri, kainamisha kichwa, na baada ya muda nikaona kidole gumba chake kinatembea juu ya simu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kazini tu, na hilo ndilo lililonitia baridi: alikuwa kazini, nyumbani kwangu, siku ile. Kisha nikakumbuka nani aliyemfundisha njia ya nyumba hii. Picha hakuipata.

Watu walipotawanyika, siku za mwanzo za ukimya, nikafungua ule mtoto wa meza. Pedi ilikuwa imelala katikati ya nyuzi nyeupe. Nikawasha mashine ya zamani nikautia mchezo ule wa mwanzo. Sijui nilitarajia nini. Nadhani nilitaka kukiona kile kibanda. Kioo kikaandika palepale: hakuna kisiwa kilichohifadhiwa.

Nilijua tangu zamani kwamba hakimo. Nilijua, nikawaficha watu. Lakini siku ile ndipo niliposoma maneno yale kama alivyoyasoma Bi Kazija na mumewe, na kama alivyoyasoma Zuwena.

Nikatoa toleo la pili kutoka kwenye boksi la Edga. Nikalicheza mwenyewe, bila ya sauti, mpaka mwisho, na ilinichukua siku nyingi kuliko alizochukua yeye, na nyumba zangu zote zilikuwa zimepinda. Kisha nikachomoa waya. Nikangoja. Nikarudisha. Kisiwa kilikuwepo, na kisima, na nyumba zangu zilizopinda zote.

Sikupenda. Nasema kweli, nilitaka kiwe kimepotea ili nipate la kuwaandikia. Lakini nilichokiona ndicho nilichokiona, na mwandishi wa hasira naye anasema uongo sawasawa na mwandishi wa kamba.

Nikaandika ukurasa wangu wa mwisho. Nikaandika kwamba mchezo wa mwanzo ulikuwa ukifuta kazi ya mtu umeme ukikatika. Kwamba nililijua hilo kabla sijausifu. Kwamba nililinyamazia kwa sababu ya tende, fulana na siku mbili za Uroa. Nikaandika kwamba toleo la pili linakumbuka. Na nikaandika kwamba mchezaji wa ukurasa huu, miaka yote, alikuwa Bi Zuwena, mshona kofia, na kwamba yeye aliniambia ukweli siku ileile.

Mhariri alisoma mara mbili. Nilikuwa nimejitayarisha kugombana. Akavua miwani.

"Bi Zuwena ndiye aliyekuwa akicheza?"

"Ndiye."

"Miaka yote?"

"Yote."

"Tangazo hili litatuondokea, Fundi. Unajua."

"Najua."

Akamwita mpangaji wa kurasa. "Weka kama ilivyo. Neno la kitabuni halimo." Na tangazo likaondoka kweli, na gazeti likaumia, na mimi nikaacha kuandika, si kwa kufukuzwa. Mchezaji wangu hayupo.

Likabaki lile boksi la Edga, tupu, lina karatasi za chupa tu. Nikajiambia bakuli la watu haliendi tupu. Nikatia fulana, kikombe, vipokea sauti, kadi ya wino wa dhahabu, na mchezo wenyewe, wa kwanza na wa pili. Nikaenda kwa mhariri kudai lile koti la manyoya, ingawa lilikuwa la kampuni nyengine. Akalitoa kabatini kwa huzuni. Upanga haukuingia, nikaufunga kwa nje. Juu ya vyote nikaweka ukurasa wangu wa Ijumaa. Mpakuzi wa bandarini, mteja wangu wa zamani, akaninyanyulia mpaka kwenye boti ya Dar.

"Fundi, unahama?"

"Narudisha bakuli."

"Bakuli gani hili lenye upanga?"

Nikamwambia ndiyo hayo mabakuli ya siku hizi. Edga hakunijibu mpaka leo, na sikumlaumu. Chombo kimefika kikiwa kimejaa.

Kisha nikanunua toleo la pili dukani, kwa mfuko wangu, nikapanda gari mpaka Uroa. Hotelini sikupita. Niliuliza nyumba ya Bi Kazija nikamkuta anatandaza mwani. Akajifuta mikono.

"Umechelewa, Fundi."

"Nimechelewa."

"Haya, pita. Yumo ndani."

Mumewe, Mzee Vuai, alikuwa kitandani, mtu mrefu, mpole. Nikamtilia mchezo. Akajenga kidogo, kijumba na mti, akasimamisha mkono. "Na umeme ukikatika?"

"Chomoa mwenyewe."

Akavuta waya kwa uchungu kama anang'oa jino. Tukangoja sote watatu. Akarudisha. Kijumba kikatokea, na mti wake. Mzee Vuai akasema, "Ala!" kwa sauti ndogo, na Bi Kazija akatoka nje haraka akidai mwani wake unanyeshewa. Hapakuwa na mvua.

Nilipoaga akanipa bakuli la udongo, pweza wa nazi, kalifunga kwa sahani na kipande cha kanga. Nikakataa kidogo, kama tunavyokataa.

"Chukua," akasema. "Lakini bakuli langu nnalitaka. Usije ukansahau kama lile gemu lako."

Bakuli hilo liko hapa mbele yangu nikiandika haya, limeoshwa, limefutwa. Siku zote aliyekuwa akijaza mabakuli ya watu nyumbani kwangu alikuwa Zuwena, mimi nilikuwa mpelekaji tu. Wiki hii najifunza kupika mkate wa ufuta. Wa kwanza umeungua, wa pili haukuumuka, wa tatu kuku wa jirani wameula bila ya furaha. Salma kaja mara mbili na unga mikononi, "Baba, nipe nikukandie, mara moja tu, nani atajua?"

Nimemwambia aende zake akatazame vijana wake wanaofungua maboksi. Ijumaa nakwenda Uroa. Mkate nitakaotia ndani ya bakuli la Bi Kazija, ukiwa mzuri au mbaya, utakuwa nimeukanda mimi.